Tairi Lilipokuwa Mwamuzi wa Mbio

Dereva wa lori la majani chai anayepanda kutoka kituo cha kununulia chai kwenda kiwandani Kapkatet, Kericho, nchini Kenya, mvua ya alasiri ikiwa imeshapita, haulizi injini yake ina nguvu kiasi gani. Anaangalia tairi. Udongo mwekundu wa Bureti ukilowa huziba nafasi kati ya meno ya tairi, gurudumu likazunguka papo hapo, injini ikanguruma bure, na majani yaliyochumwa tangu asubuhi yakaanza kupata joto ndani ya mifuko. Mwenye tairi kipara hulala njiani hata akiwa na lori jipya.

Watengenezaji wa magari ya mashindano ya mwanzo wa karne ya 20 walijifunza jambo hilohilo, na somo lenyewe walililipia kwa pesa, kwa mifupa, na mara nyingine kwa roho za watu. Mbio za enzi hizo husimuliwa sana kama hadithi ya injini kubwa na wanaume wasioogopa kifo. Zichunguzwe mbio moja baada ya nyingine, itaonekana kwamba aliyeshinda mara nyingi alibebwa na pete ya mpira na kitambaa yenye upana wa sentimita tisa hadi kumi na tatu. Na sehemu ya mpira uliotumika duniani miaka hiyo ilikamuliwa Afrika, katika misitu ya Kongo na mwambao wetu huu, na watu ambao hawakuwahi kuona gari likishindana.

Tairi la kujazwa hewa halikuanza na magari. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira uliochanganywa na salfa ukipashwa moto haunati wakati wa joto wala haukakamai wakati wa baridi. Bila ugunduzi huo hakuna tairi lolote. Mwaka 1845 Mskoti Robert William Thomson alipewa hataza ya gurudumu lenye mfuko wa hewa, lakini lilikuja kabla ya wakati wake, likasahaulika. Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alilibuni upya mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Waendesha baiskeli walilipokea kwa mikono miwili. Wenye magari walisita.

Waliowashawishi ni ndugu wawili wa Clermont-Ferrand, Ufaransa: Édouard na André Michelin. Mwezi Juni 1895 yaliandaliwa mashindano ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi, karibu kilomita 1,200. Ndugu hao waliingia wenyewe, wakiendesha gari walilolipa jina L'Éclair, na chini yake wakafunga matairi ya hewa. Yalipata pancha njia nzima. Walishuka, wakabandua tairi, wakabadilisha tyubu, wakapanda, wakashuka tena. Walifika Paris muda wa saa 100 uliowekwa na waandalizi ukiwa umekwisha. Émile Levassor, aliyetumia matairi ya mpira mtupu usio na hewa, alikuwa ameshamaliza safari hiyo kwa saa 48 na dakika 48.

Aliyetazama matokeo peke yake angesema hewa imeshindwa. Ukweli ulikuwa kwenye mwendo. Levassor alikwenda kwa wastani wa kilomita 24 kwa saa, na kwa mwendo huo tairi gumu huvumilika. Gari likifika kilomita 60 au 80 kwa saa, kila jiwe linalokanyagwa na tairi gumu hupiga moja kwa moja kwenye spoki za mbao, kwenye fremu na kwenye uti wa mgongo wa dereva. Hewa hulimeza pigo hilo. Kwa hiyo mwaka 1899, Mbelgiji Camille Jenatzy alipokuwa mtu wa kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa barabarani, katika gari la umeme lenye umbo la risasi, magurudumu yake manne yalivishwa matairi ya hewa ya Michelin. Tangu hapo hakuna aliyetaka kushindana kwa tairi gumu.

Tatizo likahamia kwingine. Injini zilikua haraka kuliko mpira ulivyoweza kuzifuata.

Gari la Renault lililoshindana mwaka 1906 lilikuwa na injini ya silinda nne na ujazo wa karibu lita 13. Probox inayokimbizana na abiria kati ya Litein na Sotik ina injini ya lita 1.5 au pungufu ya hapo. Nguvu hiyo yote ya Renault, pamoja na uzito wa tani moja, ilipitia kwenye matairi mawili ya nyuma ambayo leo yangeonekana membamba hata kwa gari dogo. Ndani yake kulikuwa na matabaka ya turubai lililofumwa kama kitambaa chochote, nyuzi zikipishana juu na chini. Kila gurudumu lilipozunguka, tairi lilibonyea lilipogusa ardhi na kunyooka lilipoinuka, na kwa kila kubonyea nyuzi hizo zilisuguana. Msuguano ukaleta joto, joto likalegeza mpira, mpira ukabanduka kwenye turubai. Tairi lingeweza kupasuka bila hata kukanyaga kitu. Na vya kukanyaga havikukosekana: barabara zilikuwa za mawe yaliyopondwa, na kwa kuwa usafiri mwingi bado ulitegemea farasi, misumari ya kwato ilitapakaa kila mahali.

Fundi wa pancha wa Kapkatet akipewa tairi la mwaka 1906 angetambua karibu kila kitu: tyubu, valvu, pampu, vyuma vya kubandulia. Kitu ambacho angekiona kigeni ni kingo zake. Tairi la leo lina waya wa chuma mdomoni. La wakati huo lilishikiliwa na kingo nene za mpira zilizonasa ndani ya mikunjo ya rimu na kubanwa na msukumo wa hewa. Likiwa limepata moto halikubali kutoka. Dereva na fundi aliyeketi kando yake walilikata kwa visu, wakavuta vipande, wakasukuma tairi jipya kwa vyuma na kwa nguvu za mabega, kisha wakajaza hewa. Kazi hiyo ilichukua karibu robo saa, na ilirudiwa mara nyingi katika mbio moja.

Hapo ndipo mashindano makubwa ya Le Mans ya mwaka 1906 yanapostahili kukumbukwa. Yalifanyika tarehe 26 na 27 Juni, na ndiyo yaliyoitwa Grand Prix ya kwanza ya Ufaransa. Magari 32 yalianza, yakazunguka njia ya pembe tatu yenye urefu wa kilomita 103, mara sita siku ya kwanza na mara sita siku ya pili, jumla kilomita 1,238. Jua lilikuwa kali hata lami iliyomwagwa kuzuia vumbi ikayeyuka na kurushwa na magurudumu kwenye macho ya madereva. Kanuni ilisema dereva na fundi wake peke yao ndio waruhusiwe kuligusa gari. Kubadilisha tairi, kutia mafuta, kurekebisha chochote: watu wawili, waliochoka, wenye macho mekundu.

Michelin walikuja na rimu ya kufunguliwa. Tairi lilifungwa kwenye rimu yake nyumbani, likajazwa hewa, na pale barabarani rimu nzima ilikazwa kwenye gurudumu kwa nati nane. Robo saa ikawa chini ya dakika nne. Lakini rimu moja ya aina hiyo ilizidi gurudumu la kawaida kwa kilo tisa, na kanuni zilikataza gari kuzidi kilo 1,000. Kampuni zilizokuwa zimeshajaza uzito wao kwa chuma cha injini, kama Panhard na Itala, hazikuweza kuzitumia. Renault, Fiat na Clément-Bayard walizitumia.

Ferenc Szisz, fundi mzaliwa wa Hungaria aliyewahi kuketi kando ya Louis Renault mwenyewe katika mbio za awali, alishinda kwa Renault kwa wastani wa kilomita 101 kwa saa. Felice Nazzaro wa Fiat alimfuata dakika 32 baadaye. Wa tatu alikuwa Albert Clément wa Clément-Bayard. Nafasi tatu za kwanza zote zilichukuliwa na wenye rimu za kufunguliwa; magari 11 tu yalimaliza. Ni vigumu kupata mashindano mengine ambayo nati nane zilikuwa na uzito mkubwa kiasi hicho kwenye matokeo. Szisz husifiwa kama mshindi wa kwanza wa Grand Prix, na sifa hiyo ni haki yake, lakini aliyebuni ile rimu alistahili kusimama naye jukwaani.

Mwaka uliofuata mpira ulipewa mtihani wa namna nyingine, mtihani wa umbali. Tarehe 10 Juni 1907 magari matano yaliondoka Peking, China, kuelekea Paris, katika mashindano ambayo njia yake haikuwa na barabara kwa maelfu ya kilomita. Mwanamfalme wa Italia, Scipione Borghese, akiwa na Itala yenye matairi ya Pirelli, alifika Paris tarehe 10 Agosti, akiwa mbele ya wenzake kwa majuma kadhaa. Kilichomtesa zaidi kilikuwa gurudumu lenyewe: lilivunjika Urusi, na fundi seremala wa kijijini akamchongea jingine kwa shoka. Kampuni hiyohiyo ya Pirelli ndiyo iliyotoa matairi ya Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha.

Siku ileile ambayo Borghese aliingia Paris, 10 Agosti 1907, gari jingine liliondoka Dar es Salaam. Liliendeshwa na Luteni Paul Graetz wa jeshi la Wajerumani, na lengo lake lilikuwa kuivuka Afrika hadi bahari ya magharibi. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vimezimwa. Kusini mwa koloni hilo la Wajerumani vijiji vilikuwa majivu na njaa imetanda. Gari la Graetz, lililotengenezwa na kiwanda cha Gaggenau, lilipita Morogoro, likapanda bara, likakwama kwa muda mrefu likisubiri vipuri kutoka Ujerumani. Petroli yake ilitangulizwa njiani, na iliyobeba petroli hiyo ilikuwa migongo ya wapagazi. Alifika Swakopmund, kwenye bahari hiyo ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909, siku 630 baada ya kuondoka. Hayakuwa mashindano, maana hakuwa na mpinzani zaidi ya mito, mchanga na miamba, lakini ndiyo safari iliyowaonyesha watu wengi wa njia hiyo kwa mara ya kwanza gari linafananaje, na likikwama linahitaji mikono mingapi kulikwamua.

Ulaya nako mwendo ulizidi kupanda. Grand Prix ya mwaka 1908 ilikimbiwa Dieppe, Julai 7, umbali wa kilomita 770. Magari madogo yalikuwa yameshashindana hapo siku iliyotangulia, yakaiacha barabara imechimbika na mawe yametawanyika. Matairi yakapasuka kama mahindi ya kukaanga. Mfaransa Cissac na fundi wake walikufa tairi la Panhard yao liliposhindwa na gari likapinduka. Christian Lautenschlager wa Mercedes alishinda kwa wastani wa kilomita 111 kwa saa, lakini kufikia mizunguko ya mwisho alilazimika kupunguza mwendo, kwani akiba ya matairi ya Mercedes ilikuwa imekaribia kwisha. Kampuni tajiri, yenye gari la kasi kuliko yote siku hiyo, ilikuwa inahesabu matairi yaliyobaki kama mtu anayehesabu sarafu za nauli.

Mpira wa matairi hayo yote ulitoka wapi?

Katika miaka ambayo Szisz na Lautenschlager walikuwa wanakimbia, mashamba makubwa ya mpira ya Malaya na Ceylon yalikuwa bado machanga. Mbegu za mti wa mpira zilichukuliwa Brazil mwaka 1876 na Mwingereza Henry Wickham, lakini mti huo huchukua miaka kabla ya kukamuliwa, na ilipita miongo kabla wakulima hawajaupanda kwa wingi. Kwa hiyo dunia ilitegemea mpira wa mwitu: wa Amazon, na wa Afrika. Wa Afrika ulitoka hasa kwenye mitambaa ya jamii ya Landolphia, jamaa wa mbungo, ambao matunda yake bado huuzwa sokoni Pwani na kukamuliwa juisi.

Mwambao wa Afrika Mashariki uliingia mapema katika biashara hiyo. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, aliitangaza mitambaa hiyo katika miaka ya 1870, na mmoja wao umepewa jina lake na wataalamu wa mimea. Watu wa bara la Kilwa na Lindi waliingia msituni, wakachanja gome, wakaacha utomvu mweupe ugande, mara nyingi kwa kuupaka mkononi, kisha wakaubandua na kuuviringisha kuwa mipira midogo iliyopelekwa Pwani na kuuzwa. Kwa muda fulani ilikuwa biashara iliyomwachia mkulima pesa yake mwenyewe.

Kongo haikuwa hivyo. Kuanzia 1885 nchi hiyo ilikuwa mali binafsi ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Tairi la baiskeli, kisha la gari, lilipoongeza bei ya mpira, vijiji vilipangiwa kiasi cha kuleta. Kampuni zilizopewa maeneo, mojawapo ikiitwa ABIR, ziliwashika wanawake mateka hadi waume zao warudi na mpira wa kutosha. Askari waliotumwa walitakiwa kuonyesha mkono wa mtu kwa kila risasi waliyotumia, na mikono ilikatwa, ya waliokufa na ya walio hai. Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli, aliona Antwerp meli zikishusha mpira na pembe za ndovu na kurudi Kongo na bunduki na risasi badala ya bidhaa za biashara, akaelewa kwamba watu hao hawalipwi chochote. Mwaka 1904 ripoti ya balozi Roger Casement ilichapishwa, na picha zilizopigwa na mmisionari Alice Seeley Harris zikaonyeshwa katika kumbi za Uingereza na Marekani. Novemba 1908 Leopold aliondolewa na Ubelgiji ikaichukua Kongo.

Novemba 1908 ni miezi minne baada ya mbio za Dieppe. Haiwezekani kusema tairi gani la gari gani lilikuwa na mpira wa msitu upi. Mpira ulichanganywa bandarini na viwandani. Lakini ni soko moja, na bei iliyomtoa jasho mwenye kiwanda Ulaya ndiyo iliyomtoa damu mkamuaji wa Équateur na Kasai kule Kongo. Kila orodha ya washindi wa miaka hiyo ingepaswa kuandikwa pamoja na hesabu hii.

Wajerumani wa Tanganyika nao walitaka sehemu yao. Walipanda mpira wa Ceará, mti wa jamii ya muhogo kutoka Brazil, katika mashamba ya Tanga, Muheza na Morogoro. Aprili 1910 bei ya mpira London ilipita shilingi 12 kwa ratili na kila mwenye hisa akajiona tajiri. Kisha mashamba ya Asia yakaanza kutoa kwa wingi, na kufikia mwisho wa 1913 bei ilikuwa chini ya theluthi moja ya hapo. Mashamba ya Tanga yalikufa mara moja. Miti ilibaki, na wenyeji wakaipatia kazi ambayo mwenye shamba hakuifikiria: majani yake ndiyo kisamvu cha mpira, mboga inayopikwa kwa nazi hadi leo.

Wakati bei inapanda na kushuka, mafundi walikuwa wanashughulikia udhaifu wenyewe wa tairi, na Mmarekani Ray Harroun akaonyesha kwamba hata bila tairi bora, akili inaweza kuokoa mpira. Mashindano ya kwanza ya maili 500 ya Indianapolis yalifanyika tarehe 30 Mei 1911, kwenye uwanja uliokuwa umetandikwa matofali zaidi ya milioni tatu baada ya sakafu yake ya kwanza kumomonyoka na kuua watu mwaka 1909. Magari 40 yalianza. Harroun, mhandisi, alikuwa amefanya majaribio akaona kwamba matairi yake yakikimbizwa kwa maili 75 kwa saa, yaani kilomita 120, yanadumu takriban mara mbili ya yanayokimbizwa maili 80. Tofauti ya maili tano kwa saa ni ndogo. Tofauti ya kusimama mara nyingi ni kubwa.

Akashika mwendo wake. Wengine walimpita, wakaingia kubadilisha matairi, wakatoka, wakampita tena, wakaingia tena. Alimaliza kwa saa 6 na dakika 42, wastani wa maili 74.6 kwa saa, karibu kabisa na hesabu aliyoipanga. Gari lake la njano, Marmon Wasp, lilikuwa na kioo cha kuona nyuma kwa kuwa aliendesha bila fundi kando yake, na watu wengi hukikumbuka kioo hicho. Hesabu ya matairi ndiyo iliyompa ushindi.

Tairi lenyewe lilibadilika kwa njia mbili. Ya kwanza ni nyuzi. Badala ya turubai la nyuzi zinazopishana, viwanda vilianza kulaza nyuzi nene sambamba, tabaka moja likielekea upande huu na jingine upande ule, mpira ukiwa katikati. Nyuzi hazikusuguana tena, joto likapungua. Ya pili ni rangi. Matairi ya kwanza hayakuwa meusi. Yalikuwa meupe au ya kijivu, kwa sababu mpira ulichanganywa na oksidi ya zinki. Mwaka 1904 katika kiwanda cha Silvertown, London, S. C. Mote aligundua kwamba masizi yakichanganywa na mpira huufanya uwe mgumu kulika. Kampuni za Marekani zilianza kuyatumia kwa wingi kuanzia 1912, na maisha ya tairi yakaongezeka mara kadhaa. Masizi haya si yale ya jikoni. Hutengenezwa kwa kuchoma gesi au mafuta kwa hewa kidogo, nayo ni chembe ndogo mno zinazoshikana na mpira. Weusi wa tairi unaoonekana leo kwenye kila bodaboda na kila trela ni weusi huo.

Hata hivyo mbio ziliendelea kuamuliwa pale pale. Julai 4, 1914, karibu na Lyon, Mfaransa Georges Boillot wa Peugeot aliongoza kwa sehemu kubwa ya mbio huku watu wake wakimshangilia, lakini alilazimika kusimama tena na tena kubadilisha matairi, wakati Mercedes za Wajerumani zilisimama kwa nadra. Katika mzunguko wa mwisho gari lake lilikufa. Mercedes zikachukua nafasi tatu za kwanza. Majuma manne baadaye Ulaya ilikuwa vitani.

Vita vilifika Afrika Mashariki, na magari yakaja navyo. Mvua za Tanganyika za mwaka 1917 zilionyesha ukomo wa magari hayo: lori zilizama, na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa na maradhi. Baada ya vita, mwaka 1919, Lionel Galton-Fenzi alianzisha chama cha wenye magari Nairobi, na mwaka 1926 akaendesha gari aina ya Riley kutoka Nairobi hadi Mombasa, njia ambayo hadi wakati huo ilikuwa ya reli. Mnara wake bado upo Kenyatta Avenue, kona ya Koinange.

Miaka hiyohiyo kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zinafyeka ardhi ya Kericho kupanda chai, na haja ya kusafirisha majani mabichi kwa saa chache kabla hayajaharibika ikazileta lori kwenye vilima ambavyo mvua yake ya mwaka hukaribia au kupita milimita 2,000. Minyororo ikafungwa kwenye magurudumu ya nyuma. Mawe yakamwagwa kwenye miteremko. Matairi yaliyochoka hayakutupwa: yalikatwa yakawa akala, na tyubu zikakatwa zikawa blada za kufungia mizigo, kazi zinazoendelea hadi leo kando ya barabara ya Litein na Kapkatet.

Katika mji huo wa Kericho, mwaka 1932, alizaliwa Joginder Singh. Alijifunza ufundi katika gereji ya baba yake, akaanza kushindana katika Safari Rally, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilikuwa mbio za barabara ya wazi, za umbali mrefu, kwenye tope, mawe na vumbi, za aina ambayo Ulaya ilikuwa imeziacha zamani. Mwaka 1963 na mwaka 1968 magari saba tu yalimaliza. Joginder alishinda 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, katika Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Katika Safari 22 alizoanza, alifika mwisho mara 19.